Moto Guzzi: Tai wa rubani aliyefariki

Tai anayepamba pikipiki za Moto Guzzi za Italia ni ukumbusho wa marehemu. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, fundi Carlo Guzzi na marubani Giorgio Parodi na Giovanni Ravelli, wote wa kikosi cha ndege cha jeshi la majini, waliafikiana kuunda pikipiki vita vitakapokwisha. Guzzi angebuni mtambo, Parodi angeomba mtaji kwa babake, tajiri wa meli mjini Genova, naye Ravelli, mwanamashindano mwenye sifa tangu kabla ya vita, angezikimbiza ili zijulikane.

Mwaka wa 1919, vita vikiwa vimekwisha, Ravelli alifariki ndege yake ilipoanguka.

Wenzake hawakuvunja ahadi. Kampuni iliundwa Machi 1921, na karakana ikawa Mandello del Lario, kando ya Ziwa Como. Pikipiki yao ya kwanza ilikuwa na injini ya cc 500 yenye silinda moja iliyolazwa. Mwaka huo huo Gino Finzi aliiendesha akashinda Targa Florio, kisiwani Sicily. Kazi aliyowekewa Ravelli ikawa imefanywa na mwingine. Mwaka wa 1924 Guido Mentasti alitwaa ubingwa wa Ulaya huko Monza.