Desturi ya mababu, lakini tangu lini?

Ndugu wasomi, munajua ule mchezo wa Waingereza: watu juu ya farasi, makoti mekundu, kundi la mbwa linakimbiza mbweha mmoja mpaka limuue. Wenyewe wanasema ni desturi ya mababu. Mimi nikisikia neno mababu, naulizaka kwanza: tangu lini?

Zamani wakubwa wa Uingereza walipenda kuwinda kulungu. Mbweha alikuwa mwizi wa kuku tu, mkulima alimuua bila sherehe. Kisha misitu ikakatwa, kulungu wakapunguka, na wakubwa wakageukia mbweha. Kuanzia 1753, tajiri mmoja wa Leicestershire, Hugo Meynell, akazalisha mbwa wenye mbio na pua kali. Njo mchezo tunaoujua ulipatia sura yake pale. Haujafika hata miaka 300.

Wawindaji walisema pia wanalinda kuku. Lakini mahali mbweha walikosekana, wao wenyewe walipanda vichaka ili wapate pa kuzalia, na katika karne ya 19 wengine waliletwa kutoka ng'ambo. Nani analetaka mwizi kwake?

Mwaka 2002 watu zaidi ya 400,000 waliandamana London kutetea maisha ya vijijini, na uwindaji ndani yake. Hawakuwa matajiri peke yao: kulikuwa watunza farasi, wahunzi, wanakijiji ambao siku ya uwindaji ndiyo siku ya kukutana. Baraza la Malodi likakataa marufuku. Wabunge waliochaguliwa wakapita juu yake kwa sheria inayowaruhusu. Tangu tarehe 18/2/2005, kuwinda mbweha kwa kundi la mbwa ni kosa Uingereza na Wales. Baadaye Tony Blair, waziri mkuu wa wakati ule, aliandika kwamba anaijutia sheria ile.

Leo vikundi vingi vinafuata harufu iliyowekwa njiani. Wapinzani wanasema ni kifuniko tu, mbweha bado wanakufa.

Mimi naona hivi: umri wa desturi hauitakasi. Tuulize sehemu gani inaunganisha watu, na sehemu gani inaumiza. Farasi, mbwa na mkutano vinaweza kubaki. Kifo cha mbweha hakina lazima.

Na desturi za kwetu, wasomi, tunaziulizaka hivyo? Museme.