Drama za Simu: Vile Fremu ya Kamera Inakuamulia Utamchukia Nani

Zile drama fupi za dakika moja ama mbili zimejaa kwa simu siku hizi hazikushiki juu ya stori peke yake. Stori ni zile zile: mama mkwe ni moto, tajiri amejifanya sonko bila doh, bibi amedharauliwa. Kinachokubamba ni fremu, yaani kile kipande kamera imeamua uone na kile imekunyima.

Simu ikisimama wima, picha huwa 9:16, kinyume cha 16:9 ya TV. Video ya TV ukiicheki simu ikiwa wima inachukua karibu theluthi moja tu ya skrini. Ya wima inajaza yote. Shida ni kwamba hapo uso wa mtu mmoja unatosha fiti, lakini wawili wakikaa kando kwa kando wanabanana mabega. So direkta anawaonyesha mmoja mmoja. Mzee anajitetea, sisi tunaonyeshwa machozi ya bibi tu. Ushachagua upande na kesi hata haijaisha.

Chukua kofi. Kwa fremu pana unaona mkono ukiinuka, na unaona mtoto amesimama kwa mlango akiangalia. Kwa fremu ya wima mkono unatokea nje ya picha, paap! Unashtuka kweli, lakini mtoto hayuko, na pengine yeye ndiye alikuwa stori.

Quibi ya Marekani ilijaribu kukwepa hii noma Aprili 2020: ukigeuza simu, fremu inageuka nayo. Ilibidi kila kipindi kiwe na toleo mbili. Ilifungwa Desemba hiyo hiyo, ingawa fremu haikuwa shida yake ya pekee. Mwaka huo pia Damien Chazelle, yule msee wa La La Land, alitoa The Stunt Double, filamu fupi ya wima iliyopigwa na iPhone. Ni stori ya stantimani anayeruka kutoka juu ya jengo. Kuanguka kunataka urefu, si upana, so fremu ilimfaa.

Kama wewe na mbogi yako mnashuti, wacha kupanga watu kwa laini kama picha ya harusi. Weka bibi mbele, mama mkwe nyuma ya bega lake. Mtazamaji ataona ile sura mama mkwe anapiga, na bibi haoni. Macho yakae juu, maana chini maandishi ya app yatayafunika.