Minneapolis 2040

Mpango wa matumizi ya ardhi wa jiji la Minneapolis, Marekani, ulioidhinishwa na baraza la jiji Desemba 2018. Awali, kwenye viwanja vingi vya makazi iliruhusiwa nyumba ya familia moja tu, kanuni iliyosaidia kuwatenga maskini na Wamarekani weusi. Mpango uliruhusu hadi makao matatu kwa kiwanja, na maghorofa kandokando ya njia za usafiri wa umma. Mwaka 2021 jiji lilifuta pia sharti la maegesho ya magari, ambalo hupandisha gharama za ujenzi. Makao mapya mengi yametokana na maghorofa, si viwanja vya makao matatu, jambo linalosahauliwa mno. Makundi ya mazingira yalilishtaki jiji kuhusu mpango huo. Mahakama ikausimamisha mwaka 2023, na mwaka uliofuata bunge la jimbo la Minnesota likapitisha sheria ya kuulinda.