Makro za ImageJ: kinasa kinachoandika kila unachobonyeza

Una picha 300 za hadubini na kila moja inataka hatua sita zilezile. Mkono utachoka, na ukichoka unaruka hatua bila kujua.

Mwaka 1987 Wayne Rasband wa NIH, Marekani, alianza kuandika NIH Image, programu ya bure ya kompyuta za Macintosh. Lugha yake ya makro ilifanana na Pascal, kwa hiyo asiyejua kuandika programu alihangaika. Mwaka 1997 ikaja ImageJ, iliyoandikwa kwa Java, ikaendeshwa hata kwenye Windows na Linux.

Humo ndimo kilimo kinasa makro. Unakiwasha, unashughulikia picha moja kama kawaida, nacho kinaandika kila amri ya menyu: hapa umelainisha picha, hapa umetenga seli na usuli, hapa umehesabu. Unahifadhi, unaiendesha kwa folda nzima. Kwangu mimi faida kubwa si kasi, ni ushahidi: mwenzako anaweza kurudia ulichofanya hatua kwa hatua, badala ya kuambiwa tu "tulihesabu kwa kompyuta".

Ila kinasa hakifikiri, jamani. Ukiburuta kiwango cha mwanga kwa jicho hadi 87, kinaandika 87. Picha inayofuata ikiwa hafifu, seli nyingi zinabaki nje ya hesabu, na jedwali linatoka safi bila onyo lolote. Afadhali uchague Otsu, inayokokotoa kiwango cha kila picha, kisha uisome makro na kufuta mstari wowote uliobeba namba ya picha ya kwanza.