Bomba Lisilo na Mpini

Huko London, mtaa wa Broadwick, limesimamishwa bomba la maji la chuma lisilo na mpini. Halitoi hata tone. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 huko. Daktari John Snow akalishuku bomba la mtaa, na tarehe 8 Septemba mpini ukaondolewa. Kasisi Henry Whitehead, aliyewatembelea wagonjwa wale, hakusadiki. Akapita nyumba kwa nyumba kutafuta ushahidi wa kumkanusha; akagundua maji ya nepi za mtoto mgonjwa yalimwagwa shimoni karibu na kisima. Akakiri. (Si rahisi kwetu makasisi!) Bomba la sasa ni mfano tu wa lile la kale. Nasi huuza pampu zetu kuukuu kwa wanunuzi wa vyuma, kabla hatujawauliza wazee habari zake.