Barbara Steele: Uso Wake, Sauti ya Mwingine

Ukitaka kumjua Barbara Steele, zima sauti utazame macho. Sitanii. Katika La maschera del demonio, filamu ya Mario Bava ya 1960, Mwingereza huyu mzaliwa wa Birkenhead anacheza watu wawili: Asa, mchawi aliyepigiliwa usoni kinyago chenye misumari kwa ndani, na Katia, binti mpole wa ukoo huohuo. Macho ni yaleyale makubwa, ila ya Asa huyatazami mara mbili. Lakini sauti ya Kiingereza unayoisikia? Si yake, walimtilia ya mtu mwingine. Mwaka uliofuata, kwenye Pit and the Pendulum ya Roger Corman huko Marekani, wakamfanyia vilevile!

Fellini alimpa nafasi ndogo katika 8½ (1963), wala hakuna jeneza humo. Wengine waliendelea kumrudisha makaburini. Mie naona walimpunja. Baadaye akahamia nyuma ya kamera, na War and Remembrance, tamthilia ndefu ya televisheni aliyokuwa mmoja wa watayarishaji wake, ikamletea tuzo ya Emmy mwaka 1989.