Kamera, Kimini na Mwenye Pozi

Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, ulikuwa na wafumaji kabla ya kuwa na kamera. Uwandani na katika bonde la Ziwa Rukwa, pamba ilisokotwa na kufumwa vitambaa vizito vyenye mistari ya rangi nyeusi. Vitambaa vya merikani vilivyoletwa na misafara ya pwani, na baadaye nguo za madukani, zikaudhoofisha ufumaji huo. Mwaka 1885 Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, na mavazi ya Mfipa yakapata msimamizi mwingine. Leo kijana wa Majengo, Sumbawanga, huchagua mtumba wake, akaegemea ukuta na kupigwa picha ya simu. Wakubwa wakiiona, hugombana juu ya urefu wa sketi. Historia ya picha za mavazi zenye kuchokoza katika Afrika Mashariki inataka swali jingine: nani aliyeamua mwili huu uonekane hivi?

Wapiga picha wengi wa mwanzo Zanzibar walikuwa Wagoa, na studio ya A. C. Gomes ilivuma tangu karne ya 19. Watukufu na matajiri walikuja studio wakiwa na majoho na majambia yao, wakalipa, wakaondoka na picha. Abiria wa meli nao waliuziwa kadi za posta za wanawake wasiotajwa majina, wengine vifua wazi. Hapo uchokozi ulikuwa bidhaa, na aliyepigwa picha hakuwa na sauti katika biashara hiyo.

Karne ya 20 ilimpa mteja wa kawaida nafasi. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Mombasa, N. V. Parekh aliwapokea watu waliokuja na nguo zao bora na mikao waliyoipenda kwenye sinema za Kihindi. Mali nako, Malick Sidibé aliwapiga picha vijana wa Bamako wakicheza dansi kwa suruali pana na miwani ya jua. Mwaka 2007 maonyesho ya sanaa ya Venice yalimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Picha zilizoanza kama kumbukumbu za dansi la Jumamosi ziliingia kwenye makumbusho makubwa, na wapiga picha wa mitindo wa Ulaya na Marekani wakaiga mapazia na mikao yake.

Tanzania ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa vitani na kimini. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia 1 Januari 1969, vimini, wigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana vingepigwa marufuku. Kariakoo, Dar es Salaam, wanawake walishambuliwa kabla hata siku hiyo haijafika, na barua zikamiminika magazetini. Miaka hiyohiyo kampeni nyingine iliwashurutisha Wamasai waache lubega na kuvaa suruali. Msichana wa mjini alilaumiwa kwa kumwiga Mzungu, Mmasai kwa kutomwiga.

Uganda, picha ilifanywa silaha. Elizabeth wa Toro, binti wa mfalme na mwanasheria aliyesoma Cambridge, alikuwa amepamba kurasa za Vogue na Harper's Bazaar. Mwaka 1974 Rais Idi Amin alimteua waziri wa mambo ya nje, kisha mwaka huohuo akamfukuza kwa tuhuma chafu. Magazeti yakachapisha picha ya utupu yakidai ni yeye. Aliyashtaki, akashinda.

Ulaya nako, mwaka 1975 mpiga picha wa mitindo Helmut Newton alimpiga picha mwanamke katika kichochoro cha Paris akiwa amevaa suti ya kiume ya Yves Saint Laurent, sigara mkononi. Mwanamke huyo alikuwa amefunikwa mwili, na bado picha ilichokoza kuliko nyingi za utupu, kwa sababu alisimama kama mwenye mtaa. Mwaka huohuo mpiga picha Mmarekani Peter Beard alikutana Nairobi na Iman, mwanamitindo wa baadaye, binti wa mwanadiplomasia wa Kisomali na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipomtambulisha New York, Beard alisimulia kwamba alimkuta porini. Hadithi ile ilikuwa kadi ya posta ya zamani iliyochapwa upya. Iman aliikanusha, na baadaye akaanzisha kampuni yake ya vipodozi.

Mwaka 2007 Flaviana Matata kutoka Shinyanga alipanda jukwaa la Miss Universe akiwa amenyoa kichwa, akafika kumi bora. Hakupunguza nguo, aliondoa nywele, na mabishano juu ya urembo yakaanza upya.

Kwa hiyo urefu wa gauni ni kipimo kibovu cha sanaa. Picha hudumu pale aliyemo anapokuwa na neno juu ya anavyoonekana. Albamu za familia za Sumbawanga, zenye wazazi waliopigwa picha studio wakiwa vijana, ni sehemu ya historia hii. Ziandikwe nyuma majina, mwaka na mahali sasa, wazee wakiwa bado wanakumbuka, maana hayo ndiyo wanawake wa kadi za Zanzibar waliyonyimwa.